Suruali ya Kijivu, Ukurasa wa Thelathini na Moja

Hebu niambie wewe unayesoma: ukipewa karatasi na mtu mwenye adabu zake, akakwambia uchague jina lolote la kujifichia, jina ambalo siri zako zitatembea nalo mjini, ungechagua jina la nani? Usinijibu haraka. Ozella Gaddis alijibu haraka, na ndiyo maana mimi leo nina la kusimulia.

Ilikuwa Alhamisi ya mwezi wa nne, mezani jikoni kwake, Mtaa wa Gin, Ng'ambo ya Reli, katika mji wetu wa Pruitt. Kitambaa cha meza kilikuwa kile cha plastiki chenye malimau. Mbele yake alikaa binti wa chuo kikuu aitwaye Corinne, mtoto wa watu weusi wenzetu wa kule Ohio, mwenye miwani mikubwa na viatu ambavyo kamba zake hazikuwahi kufungwa. Alitumwa na Kituo cha Utafiti wa Haki za Kiraia, kile cha ghorofa ya tatu pale chuoni, ambacho kwa miaka sita kilikuwa kikituuliza watu wa Ng'ambo ya Reli tunajisikiaje. Walishauliza habari za maji, wakauliza za kura, wakauliza za polisi, wakauliza za pumu. Mtaa ulizoea mpaka mtoto akisikia hodi anaita ndani, "Bibi, wale wa maswali wamekuja." Kila anayejibu hupewa kadi ya dukani ya dola ishirini na tano. Ozella alikuwa nazo nne, amezihifadhi ndani ya Biblia, kwenye kitabu cha Ayubu.

Safari hii walikuja kuuliza habari za treni.

"Utaratibu wetu ni mtu mmoja kwa kila nyumba," Corinne alisema, akichungulia sebuleni. Kule Leotis, mume wa Ozella, alikuwa anatazama filamu ya wapanda farasi. "Sasa nimhoji nani, wewe au mzee?"

"Mimi," Ozella alisema. "Huyo ukimuuliza treni atakujibu farasi."

Leotis alisikia. Alipunguza sauti ya televisheni, akangoja. Hakuna aliyemwita.

Basi Ozella akaanza. Alisema treni ya mizigo ikifika Pruitt haipiti, inalala. Ng'ambo ya Reli ina barabara moja tu ya kutokea, na barabara hiyo inakatwa na reli, kwa hiyo mabehewa mia moja na kitu yakisimama pale, mtaa mzima unakuwa chupa iliyotiwa kizibo. Alisema Leotis ana miaka sabini na saba, figo zimemwangusha, na kila Jumatatu, Jumatano na Ijumaa saa mbili na nusu asubuhi anatakiwa awe upande wa pili kusafishwa damu kwa mashine. Ukichelewa, kiti chako anapewa mwingine.

Hapo alitaka kukomea. Lakini binti yule alijua kunyamaza. Kuna watu wanasomea miaka saba kunyamaza namna hiyo, na mtu akinyamaziwa vizuri hujaza mwenyewe. Ozella akajikuta anasema habari za Jumatano moja ya mwezi wa pili. Leotis alikuwa amemeza kile kidonge cha kutoa maji mwilini. Alikuwa amevaa suruali yake ya kijivu, ile ya kanisani, kwa sababu siku hiyo daktari mkubwa alikuwa anapita. Treni ikasimama mbele yao. Magari ya majirani yakajipanga nyuma, huwezi kugeuka. Saa moja ikapita. Ya pili. Ozella akampa chupa ya chai, akaimwaga chai dirishani kwanza. Leotis akaitazama chupa, akatazama nyuma, akamwona shemasi na mkewe ndani ya gari lao wanawapungia mkono. Akakataa. Dakika ya mia moja na sitini kiti cha gari kikaloa.

"Alifanya nini?" Corinne aliuliza taratibu.

"Alitazama mabehewa. Alikuwa anayahesabu. Mimi nikatandika gazeti la kanisa, tukarudi nyumbani, hatujalizungumza mpaka leo." Ozella alifuta meza iliyokuwa safi. "Na usifikiri kanisa linasaidia. Mchungaji wetu anaombea barabara za Yerusalemu tangu nimjue. Ya kwetu hajaifikia."

Corinne akazima kinasa sauti, akageuza fomu yenye kurasa saba. "Tunaficha majina ya watu wote, Bi Gaddis. Kituo kinaamini mwenye simulizi anapaswa kuwa na mamlaka juu yake. Kwa hiyo utachagua mwenyewe jina la bandia."

"Jina lolote?"

"Lolote, ila lisiwe lako."

Mlangoni mwa friji ilibandikwa picha ya wahudumu wa kanisa, wale wanaosimama mlangoni na glavu nyeupe kuwaonyesha watu viti. Katikati ya picha, kidevu juu, alisimama mwenyekiti wao, Vernell Tisdale. Ozella aligombea uenyekiti ule mara tatu. Mara ya mwisho alishindwa kwa kura mbili, na mpaka siku hiyo alikuwa hajajua kura ya Leotis ilikwenda wapi.

"Andika Vernell," alisema.

Binti alipoondoka na kipande cha keki ndani ya karatasi ya jaribosi, Ozella aliosha vikombe akicheka peke yake.

*

Ripoti ilitoka mwezi wa kumi. Ilikuwa nzito, karatasi za kung'aa, jalada lina picha ya reli isiyo ya kwetu. Kituo kilileta nakala arobaini ukumbini kanisani, zikawekwa karibu na birika la kahawa. Kwa kawaida ripoti zao watu huzitumia kuegemeza dirisha. Lakini hii, dada mmoja aliifungua akisubiri samaki waive, akaangukia ukurasa wa thelathini na moja, akasahau samaki.

"'Vernell, miaka sabini na minne,'" akasoma kwa sauti, "'anaishi na mumewe, mwenye miaka sabini na saba.'"

"Mume yupi?" akauliza mwenzake.

"Ndiyo naona hapa. Mume."

"Clyde si tulimzika? Mimi mwenyewe nilipika kuku."

"Miaka kumi na moja sasa. Labda amefufuka."

"Angefufuka angekuja kanisani kwanza. Hebu endelea."

Wakaendelea. Walifika kwenye kiti kilicholoa, wakafika kwenye barabara za Yerusalemu, na samaki wakaungua wote. Kufikia ibada ya jioni, kila mtu alijua kwamba Vernell Tisdale, mjane mwenye glavu nyeupe kuliko zote, ana mwanamume amefichwa mahali, mgonjwa, na kwamba anamsema mchungaji mbele ya watu wa chuo. Mchungaji alianza kuingilia mlango wa pembeni ili asipokewe naye. Mjane mmoja wa kiume, aliyekuwa na nia tangu zamani, akaacha kumletea mboga.

Vernell alisimama mlangoni pake kama nguzo, akawaonyesha watu viti, na wanaoketi wakaketi wakimwangalia kiunoni kana kwamba mume angedondoka kutoka mfukoni.

Ozella, Mungu amsamehe, alifurahi Jumapili mbili nzima.

Baada ya ibada ya Jumapili ya pili alirudi nyumbani akamkuta Leotis mezani. Televisheni ilikuwa imezimwa. Alikuwa amevaa miwani ya kusomea, kidole kimelala juu ya karatasi inayong'aa.

"Hii suruali naijua," alisema.

"Suruali gani?"

"Ya kijivu. Ukurasa wa thelathini na moja, mstari wa tisa."

Ozella alivua kofia yake taratibu, akatafuta pa kuiweka. "Watu wengi wana suruali za kijivu, Leotis."

"Vernell hana mume. Vernell hana gari la Buick. Na Vernell hajawahi kuwa na chupa ya chai yenye kifuniko kilichovunjika kushoto. Wameandika na kifuniko, Ozella."

"Nilijua hakuna atakayenitambua."

"Mimi nimekutambua," Leotis alisema, akavua miwani, akaikunja, akaenda kulala saa kumi na moja jioni.

Jumatatu yake, walipokwenda kwenye Buick, alifungua mlango wa nyuma, akaketi nyuma.

"Kuna nini huko nyuma?"

"Kiti."

"Na mbele?"

"Mbele nimesoma habari zake," Leotis alisema. "Niendeshe tu."

Wiki tatu Ozella aliendesha vile, mbele peke yake, mume nyuma na kofia yake magotini, kama dereva wa teksi aliyepata abiria asiyependa mazungumzo. Treni ikisimama, wote wawili walihesabu mabehewa, kila mtu kimoyomoyo.

*

Sasa usione kwamba haya ni mambo ya kanisani tu. Jimbo lilikuwa limetoa fedha za daraja moja la kupita juu ya reli, moja tu, na baraza la mji lilitakiwa lichague mahali. Ama Mtaa wa Gin, kwetu, ama barabara ya uwanja wa mpira wa chuo, ambako Jumamosi za mechi magari hupanga foleni na wenye tiketi hukosa robo ya kwanza ya mchezo. Ripoti ya Kituo ndiyo iliyokuwa silaha yetu, na ukurasa wa thelathini na moja ndio uliokuwa risasi. Takwimu kila mtu anazo. Mzee aliyeloa hakuna mwingine aliyekuwa naye.

Diwani Buddy Crenshaw, muuza matairi, alikuwa mtu wa uwanja. Aliusoma ukurasa ule, halafu akafanya jambo ambalo wasomi wote wa ghorofa ya tatu hawakuwa wamelifikiria: alifungua daftari la wapiga kura. Pruitt nzima ina Vernell mmoja wa miaka sabini na minne. Ni mjane. Anakaa nyumba ya matofali, Barabara ya Magnolia, upande wa pili, ambako treni husikika tu. Crenshaw akaandika gazetini kwamba Kituo kimejitungia bibi, kikamtungia na mume, na kwamba mtu anayetunga mume anaweza kutunga treni.

Kituo kikajibu kwa mstari mmoja: hakiwezi kuthibitisha wala kukanusha.

Siku iliyofuata hodi ikapigwa kwa Ozella. Alikuwa Corinne, macho mekundu, pamoja na mkurugenzi wake, Daktari Winslow Applewhite, mtu mweusi mrefu mwenye tai ya kipepeo, anayeongea kama vile kila sentensi itachapishwa.

"Bi Gaddis," alisema, "tunapita kwenye nyumba zote za mtaa huu."

"Zote?"

"Tumeanzia hapa. Tutaishia hapa pia."

Ozella aliwaketisha, akakata keki ya siagi. "Haya, Daktari. Sema."

"Kama kuna mtu, simtaji nani, aliyewahi kuzungumza nasi, mtu huyo ana haki ya kujitokeza kwa hiari yake. Sisi hatuna haki ya kumwomba ajitokeze. Ni ukurasa wa tano wa fomu."

"Kwa hiyo mmekuja kufanya nini?"

"Kutomwomba," alisema Daktari Applewhite.

Corinne alifuta pua. "Bi Ozella, mimi siruhusiwi hata kukujua. Juzi sokoni nilikuona nikajificha nyuma ya vitunguu."

"Nilikuona, mwanangu. Kamba za viatu zilitokeza. Na ile kanda ya sauti yangu? Ichezeni waisikie."

"Sauti zilifutwa baada ya kuandikwa. Na orodha ya majina halisi tuliitia kwenye mashine ya kukatakata karatasi. Ndiyo namna yetu ya kuwalinda watu."

"Mmenilinda mpaka sipo," Ozella alisema.

Daktari aliangalia keki yake. Alipoanza tena, sauti ilikuwa imeshuka, tai imelala upande. "Na mimi nina shida yangu. Chuo kinachonipa mshahara ndicho chenye uwanja. Wamenipigia simu. Hawakunikataza kitu. Waliniuliza tu kama nina hakika na bibi yangu."

"Na ulijibu nini?"

"Kwamba siwezi kuthibitisha wala kukanusha."

"Maskini," Ozella alisema, na alimaanisha. "Ongeza keki."

Sebuleni farasi waliacha kukimbia. Mtu alikuwa amepunguza sauti. Wageni wakati wa kutoka walisema kwaheri mzee, na Leotis akainua mkono. Hawakumuuliza kitu. Utaratibu ni mtu mmoja kwa kila nyumba.

Ozella alibaki amesimama jikoni. Akinyamaza, daraja linakwenda kwenye mpira, na Leotis atahesabu mabehewa mpaka siku ambayo kiti chake kule kliniki atapewa mwingine moja kwa moja. Akisema, basi mbele ya mji mzima, mbele ya shemasi na mkewe, aliyeloa hatakuwa tena mume wa hewani wa Vernell. Atakuwa Leotis Gaddis, aliyebeba mbao kwenye kiwanda cha Harkness miaka thelathini na minane na hajawahi kumwomba mtu amshikie upande wa pili wa ubao.

*

Jumamosi Vernell mwenyewe akaja. Alikuja na fimbo, kofia, na pai imefunikwa kwa kitambaa. Aliketi bila kukaribishwa, akaitazama ile picha mlangoni mwa friji.

"Umenipa mume mgonjwa," alisema. "Umenipa ulimi mchafu. Umenipa Buick yenye kiti kilicholoa. Ungeongeza na nyumba ya ufukweni basi, nijue nimeolewa."

Ozella hakujaribu kukana. "Umejuaje?"

"Barabara za Yerusalemu. Ulisema maneno hayohayo mazishini kwa Clyde, mbele ya jeneza, ukidhani unanong'ona."

"Nisamehe, Vernell."

"Bado sijamaliza kukasirika, usinikatize. Mchungaji haniangalii. Na yule mwanamume wa mboga ameacha kuja, na zilikuwa mboga nzuri, anaweka nyama ya moshi." Alipanga vidole juu ya kichwa cha fimbo. "Crenshaw amenipigia. Jumanne kwenye kikao ataniita mbele aniulize kama ni mimi. Nami ni mhudumu wa mlango wa nyumba ya Bwana, Ozella. Siwezi kusema uongo kwenye kipaza sauti cha manispaa."

"Sijakuomba useme uongo."

"Hukuniomba na jina."

Mbali, treni ilipiga honi, ikaanza kupunguza mwendo, na wote wawili waliisikiliza kama mtu anavyomsikiliza mlevi akirudi nyumbani: atapita, au ataingia?

"Imelala," Vernell alisema. "Sasa nami siwezi kutoka."

"Inaonekana."

"Ndivyo inavyokuwa?"

"Hii ya leo ni fupi. Leta kikombe."

Alikaa kwa muda wa saa mbili na nusu. Walikunywa chai ya barafu mpaka jagi likaisha. Kizibo cha reli kilipotoka, Vernell aliinuka kwa shida, akashika goti.

"Goti hili," alisema. "Daktari amenikataza haraka. Na kutoka viti vya nyuma mpaka kwenye kile kipaza sauti ni mbali, nimekwenda kupapima. Mtu anaweza kutembea pale muda mrefu sana, kama ana goti." Alimwangalia Ozella machoni. "Anaweza kutembea mpaka mwingine akapata akili zake. Hiyo pai ni ya Leotis, si yako. Ni ya tofaa. Viazi vitamu amekatazwa, nimesoma ukurasa wa thelathini na mbili."

*

Kikao kilikuwa saa kumi na mbili jioni. Kwa ajili ya treni, Ozella aliwasha gari saa tisa. Leotis alitoka amevaa suruali ya kijivu, ameipiga pasi mwenyewe, mikunjo miwili mguu mmoja. Alifungua mlango wa nyuma.

"Leotis, nataka nikwambie."

"Tazama barabara."

Siku hiyo reli ilikuwa tupu, bila shaka. Wakafika saa tisa na robo, wakangoja ukumbini kwa muda wa karibu saa tatu. Ozella safu ya pili, Leotis nyuma kabisa karibu na mlango wa choo, kofia magotini.

Watu walijaa. Kila msemaji alipewa dakika tatu, na taa ndogo ya kijani, ya manjano, na nyekundu. Daktari Applewhite alitumia dakika mbili kueleza Kituo kilivyochagua mbinu zake, na ile ya tatu kusema kwamba ni muhimu, taa ikawa nyekundu. Crenshaw alimshukuru kama mtu anavyomshukuru aliyemfungulia mlango.

"Daktari ametuambia habari za bibi mmoja aitwaye Vernell," alisema. "Bahati nzuri yuko humu. Bi Tisdale, tafadhali njoo utuambie, ni wewe?"

Vernell aliinuka kutoka safu ya mwisho. Alikuwa amevaa glavu zake nyeupe. Akaweka fimbo mbele, akangoja, akaweka mguu, akangoja. Alisimama kurekebisha kofia. Alisalimia safu ya kumi, akauliza hali ya watoto. Kwenye safu ya nane akadondosha kitambaa cha mkononi, na vijana watatu wakagongana vichwa kumwokotea.

"Bi Tisdale, chukua muda wako," Crenshaw alisema.

"Ninauchukua, mheshimiwa."

Ozella alisikia ile fimbo ikija nyuma yake. Alifikiria mikunjo ya suruali. Fimbo ikafika safu ya tano. Ya nne.

"Si yeye," Ozella alisema, akiwa bado ameketi. Akasimama, akasema tena. "Si yeye. Ni mimi. Ozella Gaddis, Mtaa wa Gin. Jina la Vernell nililitoa mimi kwa ubaya wangu, na maneno ya mchungaji ni yangu, na mchungaji yule pale ananisikia."

Ukumbi ulivuma. Corinne, ukutani, alifunika uso kwa ripoti. Crenshaw hakutikisika, mtu aliyeuza matairi miaka thelathini ameshaona kila namna ya mteja.

"Bi Gaddis, mtu yeyote anaweza kusimama akasema ni yeye. Watu wa Kituo wenyewe hawawezi kukutambua. Daktari, unamtambua?"

Daktari Applewhite alifungua mdomo. Aliufunga. Tai ilipanda ikashuka.

"Naona. Basi, Bi Gaddis, kitabu kinasema kuna mume. Yuko wapi?"

"Muache mume wangu," Ozella alisema. "Mimi ndiye niliyesema. Yeye hakuulizwa."

"Kweli," ikasema sauti kutoka mlango wa choo. "Sikuulizwa."

Leotis alikuja mbele. Hakutembea haraka, wala hakuwa anaigiza. Vernell alikuwa bado katikati ya njia, safu ya tatu. Alipomwona alisogea kando, mkono mmoja mgongoni, ule mwingine akaunyoosha, kiganja juu, kama Jumapili, akimwonyesha mahali pake.

Daraja lipo leo, ukipita utaliona, na kibao chake kina jina la Crenshaw, kwa maana aliona kura zinakoelekea akahamia upande wa pili dakika ya mwisho, nne kwa tatu. Lakini hayo ni ya baadaye. Kwa wakati ule palikuwa na mzee mmoja na taa ya kijani.

"Naitwa Leotis Gaddis," alisema. Kipaza sauti kilikuwa chini mno, akainama. "Kwenye kitabu mimi ni mume wa Vernell. Namheshimu sana Vernell. Hata uenyekiti nilimpigia kura yeye. Lakini hatujaoana."

Ozella aligeuka kumtazama. Ukumbi ulicheka, Leotis akangoja kicheko kiishe, akiwa ameshika kofia kifuani.

"Hawa vijana wa chuo wamekuja kwangu mara tano. Ni watoto wazuri. Kila wakija mimi napunguza televisheni. Basi yote yaliyoandikwa pale ni kweli. Aliyejikojolea ni mimi, na suruali ni hii hapa. Tulizuiwa kwa saa mbili na dakika arobaini, mheshimiwa. Wewe mwenyewe usingefika."

Taa ikawa ya manjano. Crenshaw alikohoa, akaitazama, akamtazama mzee. "Haya, Bwana Gaddis. Sasa tunakuuliza. Wewe unataka nini?"

Leotis alifikiri. Alikuwa na miezi minane ya kulifikiria, na kabla ya hapo miaka hamsini na moja ya reli, lakini alifikiri tena. Taa ikawa nyekundu, na hakuna aliyemkatiza.

"Kesho ni Jumatano," alisema. "Saa mbili na nusu natakiwa kliniki. Nataka nikae kiti cha mbele na mke wangu, na nifike na suruali kavu."